Gramu tatu za utando: hesabu ya bati la keki pwani ya Lindi

Chukua bati la keki la duara, lile jeusi la nonstiki, lenye upana wa sentimita 20 na kina cha sentimita 5. Kitako chake kina eneo la sentimita za mraba 314. Ubavu wake ukiukunjua na kuulaza chini unapata 314 nyingine. Jumla ni 628, na eneo lote hilo limepakwa utando ambao kwa vyombo vya bei ndogo unene wake ni kama mikroni 20, yaani milimita moja ukiigawa mafungu 50. Unywele wa kichwani ni mnene zaidi ya mara tatu ya hapo. Zidisha eneo kwa unene, kisha kwa uzito wa PTFE, plastiki inayojulikana zaidi kwa jina la Teflon, ambayo kila sentimita ya ujazo ina gramu 2.2. Jibu ni gramu 2.8.

Mnunuzi analipia hizo gramu tatu kasoro. Kilichobaki, gramu 150 au 200 hivi, ni chuma chembamba ambacho bila utando huo kingeanza kushika kutu baada ya kuoshwa mara chache. Kwa hiyo ukiuliza bati hili linadumu muda gani, unauliza habari za gramu tatu: nini kinazila, kwa kasi gani, na kila mkate unachangia shilingi ngapi. Bei nitakazotumia humu ni za mfano, na kadhalika idadi ya mikate. Msomaji wa Kilwa Kivinje, Somanga au Mchinga, hapa pwani ya Lindi, aweke za kwake. Njia ya kukokotoa ni ileile.

Tuanze dukani, maana kipimo kizuri kuliko vyote kinapatikana hapohapo. Mabati ya bei ndogo aghalabu hayaandikwi unene wa chuma chake. Lakini chuma kina gramu 7.85 kwa kila sentimita ya ujazo, na kwa bati la ukubwa tulioutaja kila gramu 50 ni sawa na sehemu moja ya kumi ya milimita. Mwombe mwenye duka aliweke kwenye mizani ya sukari. Likisoma gramu 150, chuma chake ni milimita 0.3. Likisoma 200, ni milimita 0.4. Likifika 300 ni milimita 0.6, na hilo hata mkono unalitambua. Chini ya gramu 150 mimi nisingelichukua hata kwa nusu bei. Chuma chembamba hujipinda kikipata joto la ghafla, na kila kinapojipinda na kurudi, utando uliogandishwa juu yake huvutwa huku na huku hadi uachie. Tena chuma hupitisha joto kwa robo tu ya kasi ya alumini, au hata chini ya hapo. Ndiyo maana keki ya bati jepesi huungua pale kaa lilipogusa, na sentimita tano pembeni ikabaki mbichi.

PTFE iligunduliwa na Mmarekani Roy Plunkett mwezi Aprili 1938, katika maabara ya kampuni ya DuPont. Ilipita miaka 16 kabla Mfaransa Marc Grégoire hajapata njia ya kuishikiza kwenye alumini mwaka 1954, na kampuni ya Tefal ikaanzishwa mwaka 1956. Kuchelewa kote huko kulitokana na jambo moja linalowahusu waokaji wa leo: kitu kisichoshikana na mkate hakitaki kushikana na chuma pia. Kiwanda kinapaswa kukwaruza uso wa chuma, kupaka tabaka la kushikizia, kisha kuoka utando wenyewe kwa joto kubwa. Chombo cha bei kubwa hupata tabaka mbili au tatu. Bati la bei ndogo hupata moja, na mengi hayana PTFE kabisa bali silikoni, ambayo huisha utelezi mapema zaidi. Kwa macho huwezi kuvitofautisha vikiwa vipya.

Sasa moto. PTFE huvumilia nyuzi 260 za Selsiasi bila taabu. Zaidi ya hapo huanza kuchakaa, ikifika 327 huyeyuka, na ikikaribia 350 huvunjika na kutoa mvuke wenye sumu. Keki katika oveni huokwa kwa nyuzi 160 hadi 180, kwa hiyo kuna nafasi ya nyuzi 80 kabla ya hatari. Viwanda vinavyotengeneza mabati haya vimemfikiria mpishi huyo wa oveni. Mpishi wa Kilwa havikumfikiria. Makaa mekundu yana nyuzi 600, na yakipepewa hupita 800.

Tazama mkate wa kumimina unavyookwa. Mchele umeloweshwa, umesagwa na tui la nazi, umetiwa sukari, hamira na hiliki, na uji umeachwa uumuke. Sufuria inatiwa mafuta na kupashwa kwanza ili uji ukimiminwa upate ganda la chini. Kisha moto wa chini unapunguzwa, mfuniko unapaliwa makaa, na mkate unaiva kutoka pande zote mbili. Ni ufundi uliokamilika, na mimi sioni oveni ya umeme inayoushinda kwa ladha. Ila hatua ile ya kupasha ndiyo inayoliua bati la nonstiki. Jiko linalounguza gramu 300 za mkaa kwa saa linatoa nishati ya kama kilowati 2.4, na jiko la kawaida hupeleka takriban moja ya tano ya hiyo kwenye chombo, yaani wati 480. Kulipandisha bati tupu la gramu 200 kutoka nyuzi 30 hadi 260 kunataka kilojuli 22 na nusu. Gawanya, upate sekunde 47. Kabla hujageuka kuchukua bakuli la uji, utando umeshavuka mpaka wake. Hiyo ni kwa wastani wa bati zima. Sehemu iliyokalia kaa imeuvuka zamani. Dalili iliyo karibu ni mafuta: mengi ya mafuta yetu ya kupikia huanza kutoa moshi yakivuka nyuzi 220 hivi, na moshi huo ukiuona, bati la nonstiki liondolewe motoni papo hapo.

Uji ukishamiminwa mambo hutulia. Maji yaliyomo hayapiti nyuzi 100 hadi yakauke, kwa hiyo kitako kilichogusana na uji mbichi kinapozwa muda wote huo. Ukingo wa juu ndio unaobaki bila kinga. Sentimita moja au mbili zilizo wazi juu ya uji zinatazamana na makaa ya mfuniko, nazo huwa za kwanza kubadilika rangi na kubanduka.

Njia ya salama ipo, na wanawake wengi wa pwani na bara wanaijua tangu walipoanza kuoka keki bila oveni: sufuria kubwa, mchanga mkavu wa vidole viwili chini, vigae vitatu vya kulinyanyua bati, mfuniko, makaa machache juu na chini. Mchanga unapokea ukali wa kaa na kuugawa polepole. Chombo hakigusi moto hata mara moja. Gharama yake ni mkaa, maana mchanga wenyewe nao unataka kupashwa: kilo mbili za mchanga kutoka nyuzi 30 hadi 200 hula kilojuli 270 hivi, ambazo kwa jiko letu la wati 480 ni dakika tisa za ziada na gramu 45 au 50 za mkaa. Ni kidogo, lakini kwa anayeoka kila siku kinaingia kwenye daftari.

Baada ya moto huja uoshaji, na hapa pwani yenyewe inashiriki kulichakaza bati. Sufuria zetu husuguliwa kwa mchanga na majivu, au kwa zile nyuzi za chuma za dukani. Katika kipimo cha ugumu cha Mohs, kwatzi, madini yaliyo mengi katika mchanga wa kawaida, ina 7. Alumini haifiki 3. Na PTFE ni laini kuliko alumini. Sufuria ya alumini ikisuguliwa mchanga hupoteza vumbi jembamba kutoka ukuta wa milimita moja au mbili, na inaweza kupoteza hivyo kwa miaka. Utando wa mikroni 20 hauna cha kupoteza. Ukisuguliwa hivyo kwa juma moja, michirizi hufika kwenye chuma.

Chuma kikishaonekana, hewa ya bahari haingoji. Chumvi inayokaa juu ya vyombo hunyonya unyevu wa usiku, na maji ya visima vingi vya ukanda huu yana chumvi pia, kwa hiyo hata bati lililosuuzwa vizuri linaanikwa likiwa na chumvi. Kutu huchukua nafasi zaidi ya mara mbili ya chuma kilichoizaa. Inapofura chini ya utando huunyanyua pande zote, na mchirizi mwembamba kama uzi hugeuka kiraka. Bati hilohilo likitumika Dodoma kwenye hewa kavu lingechukua muda mrefu zaidi kufika hapo. Dawa ni mambo madogo: kuloweka badala ya kusugua, kumbi la nazi lililolainika badala ya mchanga, kupangusa kwa kitambaa mara moja, kupaka tone la mafuta kabla ya kuweka, na kutopachika bati ndani ya bati bila kitambaa katikati. Na kisu kisiingie ndani ya bati hata siku moja. Mkate ukatiwe kwenye sinia.

Haya, shilingi. Mkate mmoja wa kumimina, kwa bei za mfano: nusu kilo ya mchele Sh1,500, robo kilo ya sukari Sh750, nazi mbili Sh1,200, hamira, hiliki na vikorombwezo vingine Sh800, mkaa Sh750. Jumla Sh5,000. Ukikatwa vipande 16 vya Sh500 unaleta Sh8,000. Mwokaji anabaki na Sh3,000, na humo hajajilipa kazi ya kukuna nazi wala ya kukaa na moto.

Sasa weka chombo. Bati la nonstiki la Sh8,000 likiwekwa juu ya makaa na kusuguliwa kama sufuria nyingine, tuseme linatoa mikate 25 kabla halijaanza kushika: Sh320 kwa mkate. Bati hilohilo likikaa kwenye mchanga au oveni na kuoshwa kwa kumbi, tuseme linafika mikate 150: Sh53. Sufuria ya alumini ya kitako kizito ya Sh20,000, ikioka mara mbili kwa juma kwa miaka mitano, ni mikate 520: Sh38, pamoja na mafuta zaidi ya kupakia. Kijiko kikubwa cha mililita 15 kwa mafuta ya Sh6,000 kwa lita ni Sh90, wakati bati zima la nonstiki hutosheka na theluthi ya hapo, Sh30. Ukijumlisha: sufuria Sh128, bati lililotunzwa Sh83, bati lililoteswa Sh350.

Kwa hiyo si kweli kwamba cha bei ndogo ni kibaya siku zote. Kikitunzwa kinaishinda sufuria, ingawa kwa Sh45 tu. Kikiteswa kinakula karibu mara tatu ya sufuria. Kwa familia inayooka Ijumaa kwa Ijumaa tofauti hiyo haionekani. Kwa mama anayeuza mkate siku sita kwa juma, mikate 312 kwa mwaka, ni mabati 12 au 13, karibu Sh100,000 zinazotoka kwa vipande vya Sh8,000 kila mwezi. Kwa sufuria angelipa Sh20,000 mara moja tu kwa mwaka mzima na zaidi. Wengi wananunua bati si kwa kutojua hesabu bali kwa sababu Sh8,000 zipo mkononi leo na Sh20,000 hazipo. Vikundi vya kuweka na kukopa vingeweza kulimaliza hili kwa zamu moja ya mchezo, na ningependa kuona chombo cha kazi kikihesabiwa kuwa mtaji kama vile mashine ya kushonea inavyohesabiwa.

Lakini hata Sh350 ni asilimia 7 tu ya gharama ya mkate. Hasara kubwa ipo mahali ambapo wachache huiandika: kwenye mkate uliokwama. Mkate uliotoka vipandevipande huuzwa nusu bei, ukiuzika. Ni Sh4,000 zimepotea, nusu ya bati jipya. Tuseme sufuria iliyozoeleka hukwamisha mkate mmoja kati ya 20. Mzigo wake ni Sh200 kwa kila mkate. Bati lililochunika, ambalo uji huingia chini ya kingo za utando na kuganda humo, tuseme hukwamisha mmoja kati ya 10, ni Sh400. Kwa mikate 312 tofauti ni Sh62,400 kwa mwaka, bei ya sufuria tatu. Gharama ya chombo chenyewe inamezwa na hasara hii. Mwokaji anayelishikilia bati lililochoka kwa juma moja zaidi ili asitoe Sh8,000 anaweza kuzipoteza zote katika mikate miwili.

Ipo hatua ya katikati. Bati lililopauka lakini halijabanduka linaweza kutandikwa karatasi ya kuokea, au jani la mgomba lililobabuliwa kidogo motoni likalegea na kukatwa duara. Jani halina gharama kwa mwenye mgomba uani, linavumilia uji wenye maji, na mkate unatoka mzima na harufu nzuri. Kwa keki za kawaida karatasi ni bora kwa sababu haiachi mistari. Bati lililobanduka magamba halistahili jani wala karatasi, litoke jikoni.

Si kwamba gamba lililomezwa ni sumu. PTFE ngumu haimeng'enywi tumboni na hupita kama ilivyoingia. Hatari ipo kwenye mvuke wa bati lililopita nyuzi 350: huleta homa inayofanana na mafua, ambayo kwa kawaida huisha baada ya siku moja au mbili, na huua ndege wa kufugwa walio katika chumba hichohicho, kwa kuwa mapafu yao hayawezi kabisa kuuhimili. Jiko la uani lenye hewa hupunguza hatari kwa mpishi. Jiko la ndani lenye kuku waliolala pembeni ni habari nyingine. Ile kemikali ya PFOA, iliyotumika viwandani kutengenezea PTFE na kuleta hofu kubwa duniani, viwanda vikubwa viliahidi kuiacha kabisa ifikapo 2015, na Mkataba wa Stockholm uliiorodhesha mwaka 2019 kati ya sumu za kuondolewa.

Na upande wa alumini nao si msafi moja kwa moja. Mwaka 2017 ulichapishwa utafiti wa vyombo 42 vya alumini kutoka nchi 10, Tanzania ikiwemo. Vilichemshwa kwa saa mbili na asidi nyepesi, na theluthi moja vilitoa zaidi ya maikrogramu moja ya madini ya risasi kwa kila mlo wa mililita 250. Chanzo ni vyuma chakavu vinavyoyeyushwa pamoja bila kuchambuliwa: vipande vya injini, redieta, makopo. Kwa sababu hiyo ninaposema sufuria nasema ile iliyotengenezwa kwa bamba la kiwandani, na uji wa mkate usilazwe ndani yake usiku kucha ukichacha. Uumuke kwenye bakuli la udongo au la plastiki ya chakula, uhamishwe wakati wa kuoka.

Tukipanua hesabu hadi mkoa mzima, sensa ya 2022 iliuhesabia Lindi watu takriban milioni 1.2. Kwa kukisia watu wanne kwa kaya, ni kaya 300,000. Kama kaya moja kati ya kumi ingenunua bati moja kwa mwaka, ni mabati 30,000, Sh240 milioni, na tani sita za chuma. Usafiri hauyazuii: mabati hupachikana, 250 yanaingia kwenye mzigo wa kilo 50, na hata nauli ya mzigo huo ikiwa Sh10,000 kutoka soko la Kariakoo, Dar es Salaam, kila bati limebeba Sh40 tu kwa safari ya kilomita zipatazo 450 hadi Lindi mjini. Bei huchezeshwa zaidi na barabara yenyewe. Mei 2024, mvua za kimbunga Hidaya zilipoikata barabara kuu eneo la Somanga, mizigo mingi ya kusini ilisimama, mabati na unga pamoja.

Mwisho wa maisha vyombo hivi viwili haviendi njia moja. Sufuria iliyotoboka ina mnunuzi. Alumini chakavu hununuliwa kwa kilo, kwa bei ya juu kuliko chuma. Sufuria ya kilo moja inarudisha sehemu ya mtaji. Bati la gramu 200 halijazi hata kiganja cha mnunuzi wa vyuma chakavu, na mara nyingi huishia shimoni au ufukweni.

Yote haya yamefungwa kwenye mkaa, na mkaa ndio unaoweza kubadilika. Gesi asilia ya Songosongo, kisiwa cha wilaya ya Kilwa, mkoani humu Lindi, iligunduliwa 1974 na tangu 2004 inapita bombani kwenda Dar es Salaam kuzalisha umeme na kuendesha viwanda, wakati majiko mengi ya Kilwa yangali ya mkaa na kuni. Mkakati wa taifa wa nishati safi ya kupikia, uliozinduliwa Mei 2024, unalenga asilimia 80 ya Watanzania wawe wanapika kwa nishati safi ifikapo 2034. Lengo hilo likifika Kilwa Kivinje na Kilwa Kisiwani kwa bei ambayo muuza mkate anaimudu, moto utakuwa na kitasa cha kupunguzia, nyuzi 180 zitabaki 180, na bati la Sh8,000 lenye gramu 200 litaweza kweli kutimiza mikate yake 150. Kwa anayeoka leo juu ya makaa, Sh20,000 za kwanza ziende kwenye sufuria ya kitako kizito, na bati jeusi linunuliwe baadaye, kwa ajili ya keki ya Idi, ndani ya mchanga.